Aliyeitikia Matumbwitumbwi

Matumbwitumbwi ni ugonjwa unaochekesha. Hata mzazi mwenye huruma hushindwa kujizuia akimwona mwanawe ameamka asubuhi na mashavu kama aliyeficha maandazi mawili kinywani. Ndui ikitajwa, watu walishusha sauti. Surua ikiingia nyumbani, mama aliacha kazi zake zote. Lakini matumbwitumbwi, ambayo wazee wetu waliyaita perema, yalipokelewa kwa kicheko, na mimi nilicheka kuliko wengine.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya kijiji kaskazini mwa Mafia, si mbali na Ras Mkumbi, enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimesoma sekondari bara, jambo ambalo wakati ule lilimpa kijana kiti mbele ya watu waliomzidi umri. Baba yangu alikuwa na mashamba ya minazi aliyorithi kwa babu zake waliotoka Omani, nami nilikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Nilikuwa nimeoa binti wa Juani, kisiwa kidogo cha kusini, yatima aliyelelewa na mjomba wake. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno machache yaliyofika pale alipoyatuma.

Pale kijijini palikuwa na desturi. Mtoto akipata matumbwitumbwi, mama yake alimpaka masizi ya chungu kutoka sikio hadi sikio, akampa vijiti mkononi, akamtuma mlango kwa mlango. Mtoto alisimama uani akaimba:

Matumbwi, matumbwi,
hodi nakuletea,
anayeitikia
ndiye wa kubakia.

Kisha alitupa kijiti kimoja na kusubiri. Waliomo ndani walinyamaza kimya, wanawake wakiuma kanga zao ili wasicheke, kwa maana iliaminika kwamba atakayeitikia ndiye atakayeuchukua ugonjwa na mtoto atapona.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu ugonjwa uliingia shuleni. Jioni moja tulikuwa tumekaa ndani, mke wangu akisuka mkeka wa ukindu, tukasikia wimbo ule uani.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Usiitikie."

"Nikiitikia?"

"Yatakuja kwako."

"Na wewe je?"

"Mimi nilishayatoa. Niliizunguka Juani nzima nina masizi mpaka puani. Wewe umeshaugua?"

Sikuwa nimeugua. Nilikulia katika nyumba yenye ua mrefu, nikikatazwa kucheza na watoto wa jirani, halafu nikapelekwa bwenini bara. Lakini hilo sikuliona kuwa jambo. Niliinuka nikafungua mlango, nikaita kwa sauti ya darasani, "Karibu, mwanangu! Karibu ndani!"

Yule mtoto, msichana wa darasa la kwanza, nusura akimbie. Hakuna aliyewahi kumwitikia. Nilimshika mkono, nikamwosha masizi kwa sabuni, nikampa maji kwa kikombe changu cha bati. Alikunywa kwa taabu, akameza huku amefumba macho, akabakiza nusu. Nikayanywa yale yaliyobaki mbele ya mke wangu, mpaka tone la mwisho.

"Umeona? Maji tu."

"Haya, mwalimu," akasema, akirudia ukindu wake. "Mungu akulinde na elimu yako."

Shuleni nilifundishwa kwamba maradhi hutoka katika uchafu: minyoo chooni, homa kwa mbu, kuhara kwa maji mabaya. Nikajijengea imani kwamba mtoto aliyeoshwa kwa sabuni hana cha kumwambukiza mtu. Yale masizi ndiyo niliyoyaona kuwa uchafu. Nikayaondoa, na pamoja nayo nikaondoa ile alama iliyowaambia watu wasimkaribie. Sisemi kwamba desturi ile ilikuwa na hekima. Ilimtembeza mgonjwa kijiji kizima akiimba na kutema mate. Lakini angalau hakuna aliyempa kikombe chake.

Sikuugua kesho yake, wala wiki ile, wala iliyofuata. Ugonjwa ule hauna haraka. Hukaa ndani ya mtu wiki mbili au tatu bila dalili, na siku chache kabla mashavu hayajavimba mtu huwa ameshaanza kuwagawia wenzake kwa pumzi na mate. Mimi nilizitumia wiki hizo kujisifu. Nilisimama mbele ya darasa nikawaambia watoto, "Mnaniona? Niliitikia." Huenda siku hiyohiyo niliyokuwa nikisema hivyo nilikuwa nawagawia.

Kisha asubuhi moja taya zikakataa kufunguka. Shavu la kushoto lilianza, la kulia likafuata. Habari ilienea kabla ya chai. Ami yangu, mdogo wake baba, alitoka shambani makusudi kuja kunitazama. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mwalimu, nasikia uliwakaribisha wageni. Wamekaa?"

Sikuweza kucheka kwa maumivu. Mke wangu alicheka kwa niaba yangu, huku akinikanda mashavu kwa kitambaa cha maji moto na kuninywesha uji mwepesi. Aliniletea masizi kwenye kigae; nikayakataa.

Mashavu yakaanza kupungua, nikadhani nimemaliza. Ndipo homa ikarudi kwa nguvu mpya, nikatetemeka kama mwenye malaria, na ugonjwa ukashuka. Korodani zilivimba, zote mbili, zikawa nzito na moto, hata shuka ikigusa nilipiga kelele. Mke wangu ndiye aliyeniuguza. Alinifungia kanga kuziinua, akanibadilishia vitambaa vya maji baridi, hakufanya mzaha hata mara moja.

"Watu wakiuliza, sema ni mshipa," nikamwambia.

Pale kwetu busha na mshipa vilikuwa vitu vya kawaida. Wazee wengi walitembea navyo bila kuonewa ajabu. Lakini mwalimu kushushiwa na ugonjwa wa watoto, baada ya majivuno yale, niliona ni aibu isiyobebeka. Akasema ni mshipa. Nilipopona nilimwomba asizungumzie tena jambo hilo, naye akakubali. Uvimbe ulipokwisha, moja ilibaki ndogo kuliko ilivyokuwa. Hilo nalo alilijua.

Miaka ikapita, mtoto hakuja. Mama yangu alianza kwa dua, akaendelea kwa dawa za mizizi, akafika kwenye kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mke wangu akapewa anywe. Alikunywa. Alikunywa kila alichopewa. Mimi hakuna aliyenipa kitu chochote, wala mimi sikuuliza kwa nini.

Siku moja daktari Mhindi aliyekuwa akizunguka kisiwani alikuja shuleni kuchanja watoto ndui. Alipomaliza, nikiwa namsaidia kukusanya vyombo vyake, nikamwuliza kuhusu rafiki yangu mmoja aliyepata matumbwitumbwi ukubwani, yakashuka.

"Pande zote mbili?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Zote mbili."

Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha dukani, kwamba vimelea vya ugonjwa ule ni vidogo kuliko vyote anavyoweza kuviona kwa darubini yake. Haviwezi kuishi kivyake. Huingia ndani ya mwili wa mtu na kutumia mwili huohuo kuzaliana, na vinapenda tezi. Huanza na tezi za mate, na kwa mtoto mara nyingi huishia hapo. Kwa mwanamume mzima vinaweza kushuka, na vikishuka pande zote mbili, huenda asizae tena. Leo wajukuu wa jirani zangu wanaviita virusi kwa wepesi kama wanaotaja nzi. Mimi siku ile ndiyo kwanza nilisikia kwamba kuna kitu hai ambacho sabuni yangu haikukifikia, kwa sababu kilikuwa ndani ya mate ya mtoto, na mate hayo niliyanywa.

"Si lazima," daktari akaongeza. "Wengine wanazaa. Hospitali kubwa Dar es Salaam wanaweza kumpima." Akafunga begi lake, akanitazama. "Mwambie huyo rafiki yako asimwache mkewe kabla hajajipima yeye."

Sikwenda Dar es Salaam. Kila likizo nilipata sababu.

Baba alipoanza kuzeeka, aliitisha kikao. Usiku wa kuamkia kikao hicho mke wangu aliniuliza tukiwa tumelala, "Kesho utasema?"

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Usiniaibishe," nikamwambia.

"Mimi nisikuaibishe." Akanigeuzia mgongo. "Basi, mimi nimenyamaza. Lakini ulimi unao."

Walikuja baba, ami, na mjomba wa mke wangu aliyevuka kutoka Juani. Mama na mke wangu walikuwa nyuma ya pazia la mlango. Ami alianza, naye hakuwa mtu mbaya. Alisema lililokuwa vichwani mwa wote.

"Hata mnazi usiozaa hupewa muda, lakini si muda wa kuzeekea. Mashamba haya yatarithiwa na nani?"

"Dada zake wote wamezaa," mjomba akasema. "Kwetu hatuna ugumba."

"Wala sisi hatuna," baba akajibu. Kisha akanigeukia. "Wewe una neno?"

Nililiona pazia likitikisika kidogo. Kila mtu alikuwa ananisubiri. Ilikuwa ni sentensi moja tu, ningeweza kuisema kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

"Mungu hajajaalia," nikasema.

Walielewa walivyotaka kuelewa. Nikampa talaka. Alipoondoka alifunga nguo zake ndani ya mkeka aliokuwa akiusuka, kabla hajaumaliza. Ukingo wake mmoja ulikuwa bado haujashonwa. Aliniaga kwa heshima zote, "Shikamoo, mwalimu," nami nikaitikia marahaba kama kawaida, maana midomo ilikuwa imezoea.

Nikaozwa binti wa jamaa zetu, mdogo, mwoga. Haukupita muda mrefu mama akaanza tena: dua, mizizi, kombe. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai. Mama alikuwa ameshika ile sahani nyeupe, anazungusha maji ya zafarani kwa kidole, mke wangu mpya amepiga magoti akisubiri. Ami akaingia kutoka gatini.

"Mmesikia? Yule wa Juani kazaa. Mwaka haujatimia tangu aolewe. Mtoto wa kike, mnene."

Mama akasita. Ami naye, baada ya kusema, ni kama aliyasikia maneno yake upya. Akatafuta mahali pa kukaa. Yule binti alikuwa bado amenyoosha mikono apokee sahani.

"Mama," nikasema, "kombe hilo nipe mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye mgonjwa."

Nikalinywa. Halafu nikawaeleza yote: kikombe cha bati, uvimbe ulioshuka na tuliouita mshipa, maneno ya daktari, na kikao. Hata leo siwezi kuapa kwamba ni ugonjwa ule. Daktari mwenyewe alisema huenda. Lakini niliyoyajua siku ya kikao yalitosha kumwokoa mtu, nami niliyameza.

"Miaka yote hii," mama akasema, "nilikuwa namnywesha mwanamke wa watu."

Baba alikuwa kitandani chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi. Sauti yake ikatoka huko: "Uende Juani. Ukayaseme hivyohivyo, mbele ya mjomba wake."

Nilikwenda. Kutoka kaskazini ni safari ya kuchosha, na Juani haifikiki ila kwa chombo, hivyo nilikuwa na muda mwingi wa kupanga maneno. Nilipofika barazani kwa mjomba, yote yaliyopangwa yalinipotea, nikasema yaleyale niliyowaambia wa nyumbani. Mume wa yule niliyemwacha alikuwepo, mkulima wa mpunga, akasikiliza akiwa ameinama. Mjomba hakunitukana. Ningependelea anitukane.

Kutoka ndani nilisikia mtoto akinyonya na kukohoa, kisha sauti niliyoijua.

"Amesema?"

"Amesema," mjomba akajibu.

"Mbele ya mume wangu?"

"Mbele yake."

"Basi mpeni maji. Jua kali."

Nililetewa maji kwa kata. Nikanywa, nikaaga. Hakutoka, wala sikustahili atoke.

Yule mke wa pili nilimpa hiari yake, mbele ya wazazi wake, bila kombe. Alichagua kubaki, na mashamba tuliwagawia watoto wa ami wakati ulipofika.

Matumbwitumbwi yalirudi kijijini kabla Mwingereza hajaondoka, kwa kuwa hurudi kila wanapozaliwa watoto wa kutosha wasiowahi kuugua. Jioni nikasikia wimbo uani. Mke wangu, aliyeyatoa utotoni, alinitazama. Aliyekwisha kuugua hayamrudii. Hilo daktari alikuwa amenithibitishia. Nikafungua mlango, nikamwitikia mtoto yule, masizi yake nikamwachia, nikampa kikombe kilichokuwa chake peke yake. Nikamweka barazani kwangu asiende nyumba nyingine, na wenzake walipokuja na vijiti vyao nikawaweka hapohapo, mpaka mashavu yao yakapungua.

Kijana mmoja aliyekuwa anatarajia kuoa alipita njiani akasimama kuwacheka. Nikamwuliza kama amewahi kuugua. Akasema bado.

"Basi pita mbali," nikamwambia. "Ukitaka kujua kwa nini, simama pale kwenye mnazi, nitakueleza kutoka hapa."

Akasimama kwenye mnazi, nami nikamweleza kwa sauti, wote wakisikia.