Pikipiki Haitoki Kwenye Nyumba Hii

Wakati ule shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa akiingia uani kwangu hasalimii kwanza. Anaangalia chini. Anatembeza macho pale tunapoegesha pikipiki, na akiona tone jeusi la oili kwenye udongo, uso unamchangamka kama mtu aliyeletewa sahani ya nyama. Ndipo anakumbuka adabu.

"Shikamoo, shemeji. Imevuja tena, eeh?"

"Marahaba. Imevuja, ndiyo. Na wewe pua yako inavuja tangu masika, mbona hatujakuuza?"

Anacheka, lakini macho bado yako chini.

Ngoja nieleze nyumba yangu ilivyo, maana mtu wa mbali atashangaa. Mimi nilizaa mabinti watupu. Wote wameolewa, mmoja yuko ng'ambo ya mpaka kwa Wakurya wenzetu wa Kenya, na akinipigia simu siku hizi anachanganya maneno mpaka namwambia kata, utapiga ukikumbuka lugha. Sasa sisi tuna kitu kinaitwa nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa na yule binti ni wa nyumba ya huyo mama. Nami nilitoa ng'ombe, nikaoa. Yeye ananiita mama. Mimi namwita mke wangu, hata sokoni katikati ya watu, na walimu na manesi waliopangiwa huku kutoka mikoa mingine wakisikia wanageuka kuniangalia. Waangalie tu. Macho ni yao.

Pikipiki tuliinunua ikiwa imetumika, kwa mtu wa Nyakunguru aliyekuwa akibebea wachimbaji wa dhahabu. Tuliuza mtamba. Na yule mtamba, nataka hili lieleweke vizuri, alizaliwa na ng'ombe wa nyumba yangu, hakutoka zizi la mtu mwingine. Mke wangu ndiye dereva. Na mimi nilijifunza, kwenye uwanja wa kanisa, nikaishia kwenye maua ya mchungaji, lakini hayo tuyaache. Kabla ya pikipiki, ndizi zetu zilikuwa zinamsubiri shemeji. Ana pikipiki ya kwake, anazibeba kutoka huku Nyamwaga mpaka sokoni Nkende akijisikia. Asipojisikia, zinaivia mlangoni, tunakula sisi na mbuzi. Nimeyaishi hayo, siyarudii.

Basi hayo matone ya oili yakampa shemeji maneno. Akaanza kupita kwa wazee wa ukoo, nyumba kwa nyumba. Kwamba ng'ombe ni wa ukoo, kwa hiyo pikipiki iliyotokana na ng'ombe ni ya ukoo. Kwamba chombo cha moto hakiwezi kukaa kwenye nyumba isiyo na mwanaume. Kwamba wanawake wawili wanaiua, iletwe kwake aiponye. Wazee wakakubali kuja Jumapili baada ya ibada, waione wenyewe. Ikionekana kweli inakufa mikononi mwetu, inahama.

Tulikuwa tumeshaipeleka kwa fundi, usidhani tulikaa tu. Fundi wa Nkende alichungulia chini ya injini, akasema gasketi. Akabadilisha, akapaka na silikoni juu kama mtu anayepaka siagi. Ikavuja. Akasema basi ni oili sili ya gia, ile raba ya mviringo inayozuia oili pale mkono wa gia unapoingia kwenye injini. Akaweka mpya. Tulifika nyumbani nayo kavu, asubuhi tone likawa pale pale. Tuliporudi alijifuta mikono, akaongea na mimi polepole kama anaongea na mgonjwa.

"Mama yangu, hii injini imechoka. Iuze ingali inawaka."

"Na mimi nimechoka," nikamwambia, "na bado nawaka."

Mke wangu alicheka mpaka akashindwa kupiga kiki. Lakini tulipokaribia kwetu akaniuliza, "Mama, Jumapili itakuwaje?" Nilikuwa naangalia kisigino changu, kimelowa oili, na oili haikuwa hata upande ule fundi alioshughulikia.

Hapo nikakumbuka vyungu. Mama yangu mzazi alikuwa akinunua chungu kipya anakijaza maji, anakipaka majivu makavu kwa nje, halafu anakaa na kuongea na watu. Majivu yakilowa mahali, ufa uko hapo, hata kama jicho halioni. Maji yakidondoka kitakoni haimaanishi chungu kimepasuka kitakoni. Yanatoka juu, yanatembea. Shule nilikwenda kidogo, nikatolewa nikachunge ndama, ila hili nililijua kabla sijajua kuandika jina langu.

Tukaiosha injini kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, tukaifuta mpaka kwenye mapezi yale ya pembeni. Ikakauka. Nikachekecha majivu ya jikoni kwa kitambaa, laini kama poda ya mtoto, nikaipaka yote. Mke wangu akaniambia, "Mama, inafanana na mtu aliyetoka kusaga." Akaiwasha, akaenda nayo mpaka njia panda na kurudi.

Tukainama wote wawili. Nilitegemea mstari mmoja mweusi. Ilikuwepo mistari kila upande. Kwenye gia, kwenye kiki, na juu kabisa kwenye kifuniko. Ile oili sili mpya ilikuwa imetokeza nje ya tundu lake, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

"Tumekwisha," mke wangu akasema. "Imeoza yote."

Nilikuwa karibu kukubali. Ila kuna kitu kilinikatalia. Raba mpya haiwezi kuoza wiki hiyo hiyo. Raba ile ilisukumwa. Na nani wa kuisukuma kama si kitu kilicho ndani? Nimepika pombe ya mtama miaka mingi kabla sijaokoka, na hata baada, kidogo, nisamehewe. Pombe inayochacha ukiibana kwenye kibuyu, itatafuta pa kutokea, na itatokea popote.

"Hii kitu inapumulia wapi?" nikauliza.

Tukaanza kupapasa. Nyuma ya injini kuna mpira mwembamba unaoning'inia, mdomo wake unaangalia chini. Mke wangu akaushika, akaugeuza. Mdomoni kulikuwa na kipande cha gunzi la hindi, kimechongwa vizuri kwa kisu na kushindiliwa, vile vile tunavyoziba kibuyu cha maziwa nzi wasiingie.

"Mimi nilidhani kilikuja nayo kutoka kiwandani," akasema.

Gunzi! Kiwandani! Nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaling'oa kwa koleo, na mpira ukatoa pumzi, fyuu, kama mtu aliyetua mzigo.

Ile oili sili tuliirudisha kwenye tundu lake, nikaigonga taratibu kwa kipande cha bomba la maji kinacholingana nayo, kibao juu yake, isipinde. Sehemu nyingine sikuzigusa. Kama ni pumzi tu, zingenyamaza zenyewe. Tukapaka majivu upya, akaenda mbali zaidi, akarudi. Yakabaki majivu, meupe, kila mahali.

Jumapili wazee walikuja na suti zao za kanisani. Nilimwambia mke wangu aiendeshe kwanza mpaka daraja, irudi ikiwa moto, maana oili ya moto haina aibu. Nikapasua kiroba cheupe cha unga, nikakitandaza, akaiegesha juu yake mbele ya viti vyao. Halafu nikawapa chai, na sikuwaharakisha.

Shemeji akaongea. Aliongea vizuri, simnyimi hilo. Ukoo, ng'ombe, wanawake, chombo. Alipomaliza nikamwonyesha lile gunzi kiganjani.

"Shemeji, hili unalijua?"

"Ndiyo!" akasema, kifua mbele. "Si ndilo nililozibia mimi? Siku ile niliyoiazima kwenda msibani Sirari. Nilikuta bomba liko wazi, vumbi linaingia, na nyinyi hamjui. Wazee, mnaona? Bila mimi hii mashine ingeshakufa!"

Mzee mkubwa, ambaye mwanawe ana gereji pale Sirari, aliweka kikombe chini polepole. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mura, kijana wangu," akamwambia, "wewe ukizibwa pua na mdomo, pumzi itatokea wapi?"

Uani palilipuka kicheko. Shemeji hakuelewa kwanza. Alipoelewa alipiga magoti na suruali yake ya Jumapili, akapitisha mkono chini ya injini, huku na huku, akautoa na kuutazama. Kiroba kilikuwa cheupe. Akaufuta ule mkono kwenye leso, ingawa haukuwa na kitu.

Wazee wakasema pikipiki ikae kwenye nyumba iliyoinunua. Hawakusema zaidi, wakaomba chai nyingine.

"Kesho itavuja," shemeji akaniambia akiondoka.

"Kesho njoo uangalie. Njoo na kesho kutwa. Ila ukifika, salimia kwanza."

Bado anakuja. Anasalimia, nakiri. Na pikipiki ni mzee kama mimi, ukiponya goti, kiuno kinaanza. Sasa hivi shokapu ya mbele ndiyo inatoa mafuta. Ameshaiona, nami nimemwona akiiona. Raba mpya za shokapu ziko kwenye kikombe juu ya kabati, spana mke wangu ameshaazima, na mimi majivu yangu nimeshachekecha.