Mama Povu na gari lililokosa pumzi

Saa moja na nusu asubuhi Mama Povu amelala chali chini ya gari la jeshi, ndoo ya sabuni ubavuni, sifongo mkononi. Anapaka povu kwenye nati ya bomba, anatulia, anatazama. Povu likivimba, gesi inavuja. Likitulia, anasogelea nati inayofuata.

Zipo nati arobaini na mbili. Hajawahi kuruka hata moja.

"Kuna mashine ya kupima, ile pale mezani, inalia pii pii," anasema. Miguu yake tu ndiyo inaonekana. "Hiyo inaniambia gesi inavuja. Povu linanionyesha inavujia wapi. Sasa nani ana akili hapo?"

Gari lenyewe halina dereva wala kiti cha dereva. Ni kitanda cha chuma juu ya magurudumu sita, kinaendeshwa kwa rimoti na mtu aliyekaa mbali. Dizeli halinywi. Linatumia gesi ya hidrojeni iliyoshindiliwa kwenye mitungi miwili. Gesi ikikutana na hewa ndani ya boksi moja la chuma, umeme unapatikana, na kwenye bomba la nyuma yanadondoka maji tu. Kwa vile halingurumi, askari wamelibatiza Bubu.

Kazi yake ni kwenda kumchukua majeruhi kwenye risasi, ili wabeba machela wabaki salama.

Ila hadi leo hiyo ni ahadi tu. Saa nne mkuu wa kikosi anakuja kulitazama likipanda kilima cha nyuma ya karakana, na mtu mzima juu ya machela. Likipanda, linaingia kazini na Mama Povu anapata ajira ya kudumu. Likishindwa, linafunikwa turubai, na yeye mwisho wa mwezi anarudi nyumbani.

Ana miaka arobaini na saba na si askari. Alianza na mafriji mabovu ya watu, akahamia mitungi ya kuchomelea, ndipo jeshi likamuita. Huu ni mwaka wa nne anafanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Huu alio nao ni wa kumi na sita.

"Kila nikitaka kununua pazia jipya, mkataba unaisha," anasema na kucheka. "Dirisha langu limezoea."

Mumewe, fundi cherehani, ana malalamiko yake. "Mimi nina mume mwenza," huwaambia wateja. "Ana magurudumu sita na hasemi neno. Hata kugombana naye huwezi."

Nati ya mwisho iko salama. Mama Povu anatoka chini ya gari, anajifuta, ananusa.

"Mbona pananuka rangi?"

Sajini wa karakana, mtu wa mwili na kicheko, anajibu kwa fahari. "Nimepaka jana jioni, mama. Mkuu anakuja. Ulitaka akute gari limechakaa?"

Watu wa jeshi wana ugonjwa huo. Mkubwa akitangaza ziara, kisichokimbia kinapakwa rangi. Mawe ya njiani yamepakwa, ndoo za mchanga zimepakwa, mti mmoja umepakwa hadi kiunoni. Na Bubu amepakwa kijani, hadi machela yake, anang'aa kama bwana harusi.

Wanamwasha. Kwenye kioo cha rimoti umeme unapanda, unafika nusu, unaanza kuporomoka. Bubu anajikongoja hatua nne, anasimama.

"Gesi imeisha?" Sajini anauliza.

"Mitungi imejaa."

"Betri?"

"Nyamaza kwanza, afande."

Mama Povu analizunguka gari, anapiga magoti ubavuni. Wavu wa kuingizia hewa, wenye vitundu kama vya chekecheke, umezibwa na rangi. Anaukwangua kwa ukucha.

"Umempaka puani."

"Nani?"

"Bubu. Hapa ndipo anapopumulia. Na umepaka mara mbili."

Sajini anakuna kichwa. "Mara ya kwanza haikushika vizuri."

Wavu unang'olewa. Chujio la hewa linatupwa, jipya linawekwa. Lakini harufu ya rangi imeshaingia ndani, na lile boksi la umeme likivuta harufu hiyo linalegea kama mlevi. Dawa yake ni hewa safi, na muda. Watu sita wanamsukuma Bubu hadi uwanjani, kwenye upepo. Mama Povu anamwasha taratibu, avute pumzi mwenyewe.

Saa tatu na nusu Sajini anamvuta pembeni. "Dada yangu, tupandishe hivyo hivyo. Kilima chenyewe mita mia mbili. Mkuu huyu hapendi kusubirishwa."

"Akizimika katikati na mtu yuko juu?"

"Atafika tu."

"Basi lala wewe hapo juu."



Mkuu anapofika, Mama Povu anamfuata kabla hajasalimiwa na yeyote, povu limemkaukia mikononi. "Mkuu, gari halijawa tayari. Lilizibwa pua na rangi. Naomba dakika arobaini na tano."

Mkuu anamtazama Bubu, anautazama mti, anamtazama Sajini.

"Nani amepaka?"

"Rangi ni nzuri, mkuu," anajibu Mama Povu. "Ni pale ilipopakwa tu."

Mkuu anaomba kiti.

Saa tano kasoro Sajini mwenyewe anapanda kwenye machela bila kuambiwa, kilo zake tisini na nane. Anafungwa mikanda. Bubu anaondoka. Kinachosikika ni kokoto zikisagika na Sajini akiamrisha, "Polepole kwenye kona, jamani," kama abiria aliyelipa. Umeme unabaki pale pale juu. Baada ya dakika nne wako kileleni.

"Umejisikiaje?" Mkuu anauliza.

"Nilikaribia kusinzia, mkuu." Anapoinuka, mgongo wake wote ni wa kijani.

Hata Mkuu anacheka. Kisha anasema barua ya ajira ya fundi iandikwe wiki hii.

"Nitashangilia nikiishika," anasema Mama Povu, huku anakusanya spana zake.

Mwezi ujao Bubu anapelekwa kambi ya milimani, na yeye ameomba kufuatana naye. Akiulizwa kwa nini asikae mjini na ajira yake mpya, anaweka spana chini.

"Mume wangu alikuwa mbeba machela kabla ya cherehani," anasema. "Alimtoa mwenzake akiwa hai, yeye akarudi na risasi gotini. Nataka safari kama ile aende huyu Bubu. Akirudi ametobolewa, naziba kabla ya chakula cha mchana. Goti nimelitazama miaka kumi na moja, sijui kuliziba."