Mizinga Sita ya Mzee Masolwa

Mzee Masolwa Ngollo alianguka kutoka juu ya mti wa mtundu mwaka jana, mwezi wa kumi, na lau si lile rundo la majani makavu lililompokea, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Hakuvunjika. Aliteguka kifundo cha mguu, akakaa pale chini ya mti akitukana taratibu, kisha akajikokota hadi njiani na kurudishwa kijijini Usinge kwa bodaboda. Alikuwa na miaka sabini na sita, na mti wenyewe ni ule ule aliokuwa akiupanda tangu hajaoa.

Mguu haukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba kabla uvimbe haujapungua, mwanawe Lugembe alikuwa ameshabeba kamba, ndoo na kienge, lile furushi la magome makavu la kufukizia nyuki moshi, na kuvipeleka nyumbani kwake. Mizinga arobaini na miwili ya magome, iliyotundikwa msituni mmoja mmoja kwa miaka mingi, ikawa ya Lugembe kwa siku moja. Na maneno yake yalikuwa matamu, huwezi kuyakasirikia.

"Baba, umefanya kazi ya kutosha. Sasa ni zamu yetu. Wewe pumzika."

Basi akapumzika. Alinunuliwa kiti cha plastiki chenye mikono na redio ndogo, akawekwa barazani. Mkewe, Minza, alimletea uji saa nne na chai saa kumi. Warina asali waliozoea kumjia kuuliza mninga wa upande gani umetoa maua, sasa walimpa shikamoo ya haraka, wakauliza, "Lugembe yupo?" Yeye akijibu hayupo, waliendelea na safari zao. Hakuna aliyemdharau, hata kidogo. Ila hakuna aliyemuuliza kitu, na hilo lilimtia huzuni ambayo hakuweza kumweleza mtu bila kuonekana mzee mlalamishi.

Mwezi wa tatu, afisa ustawi wa jamii aliyeitwa Recheli aliwaita wazee kwenye ofisi ya kijiji. Lugembe alimpeleka baba yake kwa pikipiki, akakaa naye. Recheli alikuwa msichana wa sauti ya upole, na alianza kwa kueleza kwamba wako wataalamu waliosema mtu akizeeka huanza kujitoa mwenyewe katika shughuli, kidogo kidogo, na jamii nayo humwachia aende, na kwamba jambo hilo ni jema kwa pande zote mbili. Hapo simu ya Lugembe ikaita. Akatoka nje kuongea, na aliporudi watu walikuwa wanagawiwa soda.

Kwa hiyo Lugembe hakusikia yaliyofuata. Hakusikia Recheli akisema kwamba wataalamu wengine waliwapinga wale wa kwanza, wakasema anayebaki na kazi na watu wake ndiye anayeridhika na maisha. Wengine wakasema mtu hazeeki akageuka mtu mwingine, huendelea kuwa yule yule kwa njia mpya. Na wengine tena wakaona kwamba wanaozeeka vizuri huchagua machache wanayoyapenda zaidi, wakayatia bidii, na pale nguvu zinapopungua wakatafuta ujanja.

Masolwa alinyoosha mkono. "Binti yangu, hao wataalamu wenyewe walikuwa na umri gani?"

Ukumbi ulicheka, na Recheli akacheka nao. "Wengine walikuwa vijana tu, babu. Ndiyo maana nimekuja kuwauliza ninyi."

"Basi niandike mimi pamoja na hao wa mwisho," Masolwa alisema. "Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba nta na pembe kwenda pwani. Alipozeeka aliomba mzigo mwepesi. Hakuomba kuachwa kambini."

Njiani, juu ya pikipiki, Lugembe alisema kwa furaha, "Umesikia baba, hata wataalamu wanasema mzee ajitoe." Upepo ulikuwa mkali, na Masolwa akaangalia mitundu ikipita.

Lakini Lugembe hakuwa na roho mbaya, tumpe haki yake. Aliona baba yake amenyong'onyea, akamtundikia mizinga miwili mipya kwenye mti ulio nyuma ya nyumba, usawa wa kifua, ili asikose cha kufanya. Usawa wa kifua. Mtu yeyote wa Usinge anajua mizinga hutundikwa juu kwa sababu ya nyegere, yule mnyama mla asali, na Lugembe alijua pia, ila alijipa moyo kwamba karibu na nyumba yenye mbwa nyegere hathubutu. Masolwa aliitazama ile mizinga, akashukuru, akarudi kwenye kiti chake.

Nyuki waliingia baada ya wiki moja. Baada ya wiki tatu nyegere naye akaja. Asubuhi ilikuta magome yamepasuliwa, masega yamekanyagwa mchangani, nyuki wachache wakizunguka bila pa kutua, na mbwa amejificha chini ya kitanda cha kamba.

Lugembe alipofika alisimama mbele ya uharibifu ule, mikono kichwani. "Nisamehe, baba. Nilidhani hatakuja."

"Mimi nilijua atakuja," Masolwa alisema.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa hasira. Ulinifanya mtoto, na mimi nikafanya utoto, na waliolipia ni nyuki. Naona aibu."

Lugembe alikaa chini. Alipozungumza alikuwa anatazama mchanga. "Siku ile ulipoanguka, waliponipigia simu, nilikwenda na shuka, baba. Nilijua nakwenda kuchukua maiti. Tangu hapo nikikuona karibu na mti, naliona lile shuka."

Miezi sita walikuwa wameambiana shikamoo na marahaba na habari za mvua, na hili hawakuwahi kuambiana. Masolwa alimwekea mkono begani, akauacha hapo.

"Sikiliza," alisema baadaye. "Mizinga thelathini na sita ni yako. Safari hii nakupa mimi, kwa mdomo wangu. Nibakizie sita, ile ya kando ya njia. Nami sipandi mti tena."

"Utarinaje bila kupanda?"

"Kile kisima chetu kilichokauka bado kina roda yake, lile gurudumu la kupitishia kamba. Fundi anichongee nyingine tano za mti. Wewe utapanda mara moja tu, uzifunge matawini. Baada ya hapo mzinga utaning'inia juu kwa kamba, mbali na shina. Nikiutaka, naushusha. Nyegere hajajifunza kufungua fundo langu."

Minza, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alisema, "Na kamba moja nitashika mimi. Miaka hamsini naiona asali ikiwa imeshafika kwenye ndoo."

Mwezi wa sita, Lugembe alipokwisha kuzifunga roda zote, walikwenda msituni wote watatu. Jua lilikuwa limepungua makali, na mitundu ilinuka moshi wa kienge. Masolwa alifungua fundo, Minza akaikaza kamba kiunoni kama mwanamke anayevuta ndama mkaidi, na mzinga wa kwanza ukashuka polepole hadi kwenye majani, nyuki wakinguruma bila hasira. Wazee wale walirina mizinga mitatu bila haraka, wakibishana kuhusu kila sega, na wakaacha masega ya kutosha ili nyuki wasihame. Masolwa alikuwa na furaha iliyomfanya aongee peke yake.

Lugembe, aliyekuwa ameachana nao kwenda kurina mizinga yake, akatokea upande wa pili wa njia. Alikuwa ameshuka kutoka mti wa tisa, viganja vimechubuka, jicho moja limevimba kwa kuumwa. Alisimama akautazama mzinga wa nne ukishuka.

"Baba," alisema, "yule fundi wa roda anakaa wapi?"

Masolwa alikata kipande cha sega jeupe, akampa, akamwonyesha gogo la kukalia.

"Umefanya kazi ya kutosha, mwanangu," alisema. "Sasa ni zamu yetu. Wewe pumzika."