Ndala za Mlangoni kwa Mwalimu Mwanaisha

Mwalimu Mwanaisha Sabiri wa Magoma hana adui, na hilo ndilo linalomtesa. Angekuwa naye hata mmoja, angalau angesemwa. Badala yake watu wanamhurumia, wanampa pole ya kuuguza mjomba, naye anaitikia asante huku anatazama chini.

Anafundisha hisabati sekondari, mwaka wa nane sasa, na hesabu anazijua kwelikweli, habahatishi. Tangu atoke chuo alikuwa na hamu moja tu, kwenda ng'ambo kusoma shahada ya pili. Mwaka huu profesa mmoja wa huko akamwandikia kwamba nafasi ipo na ufadhili upo, ila kwanza afanye ule mtihani wa kimataifa wa kuingilia uzamili, na kwenye hesabu asishuke chini ya alama mia moja na sitini. Siku hizi mtihani huo unaweza kuufanyia nyumbani kwa kompyuta, msimamizi yuko nchi nyingine anakutazama kwa kamera. Chumbani uwe peke yako, mlango umefungwa, usiinuke. Ukizungumza na mtu, mtihani umefutwa.

Sasa jamani, aliyeandika masharti hayo amewahi kuishi Magoma? Kwetu mtu anapiga hodi mara tatu. Asipojibiwa anageuza, wala hanung'uniki, ndivyo dini ilivyotufunza. Na mwenye nyumba akiwa ndani anajibu. Hata kama anaoga, atajibu.

Jumamosi ile ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, Mwanaisha alikuwa amebakiza maswali sita aliposikia hodi. Sauti aliijua. Ni Mjomba Mhina, kaka wa marehemu mama yake, aliyeacha shamba lake Handeni miaka ishirini na ushee iliyopita akahamia Magoma ili amlee huyu huyu Mwanaisha. Kwa Wazigua mjomba si mtu wa kuchezea, na huyu alikuwa ndiye baba, ndiye mama. Hodi ya pili ikaja, imeshuka kidogo. Mwanaisha akajiambia atamfuata baadaye amwombe radhi, mzee ataelewa. Hodi ya tatu ilikuwa ya chini kabisa. Kisha akasikia fimbo ikirudi njiani.

Kumbe mzee alikuja kutafuta wa kumpeleka hospitali. Presha ilikuwa imempanda tangu alfajiri, kichwa kinamzunguka, na nyumba ya karibu ilikuwa hiyo. Alifika kwenye kalavati la shamba la mkonge, akaanguka. Wapita njia walimkuta adhuhuri, mdomo umekwenda upande. Korogwe mjini walisema ni kiharusi, na kwamba angefikishwa mapema pengine mambo yangekuwa mengine. Upande wa kulia umepooza mpaka leo.

Mwanaisha alipata mia moja hamsini na nane.

Mtaa mzima unaamini kwamba Jumamosi ile mwalimu alikuwa shuleni kwenye masomo ya ziada. Hakuna aliyewaambia hivyo, walidhani wenyewe, naye hakuwasahihisha. Kila jioni alikwenda kumlisha mjomba uji. Mzee alikuwa hasemi sana. Alikuwa akimtazama miguuni, kuanzia anapoingia mpaka anapotoka, na Mwanaisha akadhani ni shingo iliyolegea.

Mwezi wa kumi profesa akaandika tena: rudia, ni alama mbili tu, mwisho wa kujisajili ni Ijumaa. Aliogopa, tena woga wa kitu asichoweza kumweleza mtu: kwamba mtihani wa kwanza umechukua nusu ya mjomba, na wa pili utakuja kuchukua nusu iliyobaki. Mwalimu wa hisabati huyo! Mchana anafundisha uwezekano ubaoni, magharibi anamrushia mawe bundi aliyetua juu ya bati. Akijiambia aache, anawaona wanafunzi wake mbele yake mpaka anastaafu, na roho inamuuma. Akijiambia arudie, anasikia fimbo.

Alhamisi akaamua kusema. Alimkuta mzee kwenye jamvi barazani. Binti wa mzee, Maryamu, aliyekuja kumuuguza baba yake, alikuwa amekwenda bombani.

"Shikamoo, mjomba. Nina jambo."

Mzee akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, kumnyamazisha.

"Ndala zako zilikuwa mlangoni," akasema. Maneno yalimtoka mojamoja, kwa taabu. "Za kijani."

Mwanaisha akapiga magoti akalia, akaeleza yote: kamera, masharti, yale maswali sita. Mzee alimngoja amalize. Kisha akauliza kama alifaulu. Akajibiwa kwamba zilipungua alama mbili. Mate yakamtoka pembeni mwa mdomo, na Mwanaisha akayafuta kwa ncha ya khanga yake. Akamwomba radhi, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hakujibiwa.

"Rudia," mzee akasema mwishowe. "Ila safari hii viatu viingize ndani. Anayepiga hodi asijue kama upo."

Ilikuwa ruhusa au laana? Mwanaisha hakuthubutu kuuliza. Maryamu akarudi na ndoo, wakazungumza habari za mvua.

Ijumaa alijisajili. Siku ya mtihani alimwomba Maryamu asibanduke kwa mzee hata kidogo, akarudi kwake, akavua ndala kizingitini. Alisimama nazo mkononi kwa muda. Kisha akaziingiza ndani, akaziweka chini ya meza, akafunga mlango.

Msimamizi akatokea kwenye kompyuta, kijana mpole, akamwagiza azungushe kamera chumba kizima. Kuta, dari, kitanda. Akauliza kile cha kijani chini ya meza ni nini. Mwanaisha akamwambia ni viatu vyake tu. Akaridhika.

"Swali la mwisho kabla hatujaanza," kijana akasema. "Kuna mtu yeyote hapo ulipo anayeweza kuja kukuita?"

Mwanaisha alizitazama zile ndala.

"Hayupo," akasema, na swali la kwanza likafunguka.