Upepo wa Mama Anna

Asubuhi ile Elifuraha aliamka kabla ya mumewe, kama siku zote. Akawasha moto, akabandika chai, akajifunga khanga ya pili kiunoni, akatoka na pampu ya baiskeli kwenda kuijaza upepo mipira inayosaidia springi za gari. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Tengeru, na ndizi zilikuwa zimeshapakiwa tangu jioni.

Nathanaeli alimsikia kutoka kitandani. Pampu ile ilikuwa na sauti ya mtu mwenye pumu. Iliponyamaza, alijua mkewe ameinama nyuma ya pikapu anapima. Kipimo cha dukani hakuwa nacho. Alikuwa akiingiza ngumi kati ya tairi na bati la juu yake; ngumi ikipita bila kugusa, upepo umetosha.

"Baba Anna," akaita. "Chai inamwagika na wewe umelala kama bwana harusi."

"Nakuja."

"Umesema hivyo tangu jogoo wa kwanza."

Wakanywa chai wamesimama. Wakashuka kutoka kwao Nkoaranga polepole, wakauza, wakarudi. Hakuna jambo lililotokea siku hiyo. Ila sokoni Elifuraha hakupunguza upepo. Kwa kawaida mzigo ukishaisha alibonyeza valvu kwa msumari, upepo ukatoka kwa mluzi, gari likashuka mgongo. Siku hiyo alisema kichwa kinamgonga, atapunguza nyumbani. Nyumbani akasahau. Jumatatu alianguka bandani akikamua ng'ombe, hakuamka tena.

Gari likabaki uani, limeinua mgongo.

Elifuraha hakujua kuendesha, lakini gari lilikuwa lake kuliko la mumewe. Alibeba ndizi zake na za akina mama wa mtelemkoni, wale ambao vijia vya kwao havipitiki na mkungu kichwani mvua ikinyesha. Alikuwa na kanuni moja ya kupakia. Ndizi za watu zilikaa kulia, zake kushoto, na katikati aliweka ubao. Watu walikuwa wengi na yeye mmoja, kwa hiyo kulia kulijaa na kushoto kulibaki na nafasi. Hakujali.

Wakati mmoja springi za nyuma zilichoka. Gari likawa linakaa chini kama kuku anayeatamia, taa zinaangaza juu ya migomba. Ndipo wakaenda Moshono kwa Lekishon, fundi waliyemzoea. Lekishon akaliinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, akafungua tairi za nyuma. Akawaonyesha mpira mweusi, umekaa kama maandazi mawili yaliyopandana.

"Huu unakaa hapa, mama, kati ya ekseli na chesisi. Kila upande na wake. Springi ikilemewa, huu unaisaidia. Mzigo ukiwa mkubwa unaongeza upepo, ukishusha unapunguza. Ila usiuache mtupu kabisa, utakatika."

"Kumbe hata springi inawekewa dada wa kazi," Elifuraha akasema. "Mimi miaka yote sijapata."

"Ulimpata Nathanaeli."

"Huyo namfulia mimi."

Lekishon akafunga mipira, akapitisha vipaipu mbali na bomba la moshi, akaviunganisha vyote viwili kwenye valvu moja. Wengi walipenda hivyo. Unajaza mara moja, umemaliza.

Jumamosi iliyofuata gari lilishuka mlima limeegemea kulia kama mlevi ukutani. Upande wa watu ulikuwa mzito, nao upepo wake ukakimbilia upande wa pili. Wanawake waliokuwa njiani wakapiga kelele, "Mama Anna, gari limelala, liamshe."

Wakarudi Moshono.

"Si gari, mama," Lekishon akasema. "Ni namna unavyopakia. Huku umejaza, huku kutupu. Changanya mzigo, litakaa sawa."

"Nikichanganya, Mama Oscar nitamwonyesha mkungu wake upi?"

"Weka alama."

"Alama naijua mimi. Yeye atasema nimemgeuzia, nimempa mdogo."

Lekishon akamgeukia Nathanaeli. "Mzee, sema neno basi."

"Mwenye mzigo ni yeye. Mimi naendesha tu."

Fundi akalala tena chini ya gari. Akatenganisha vipaipu, kila mpira ukapata valvu yake, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio kuona kama yatatoa povu. Hayakutoa. Nathanaeli akauliza swali lake moja. "Na upepo ukiisha, itakuwaje?" Lekishon hakupata nafasi ya kujibu. Elifuraha alijibu, na fundi akacheka mpaka akaweka spana chini.

Sasa Elifuraha amezikwa nyuma ya nyumba, penye kahawa, na Nathanaeli hakutaka gari liguswe. Binti yake Anna alimwambia, "Baba, punguza upepo, Lekishon anasema mipira itaharibika." Akasema sawa, hakupunguza. Upepo uliokuwa mle ndani aliuweka mkewe kwa mikono yake. Gari likipakiwa tu, itabidi uongezwe au utolewe, na ukishatoka umetoka. Basi akawa anapita pembeni yake asubuhi, anatazama, anaendelea na ng'ombe.

Mama Oscar, jirani wa chini, alikuja mara ya kwanza akaishia kwenye chai. Mara ya pili akasema.

"Baba Anna, sikusukumi. Ila ndizi zinaniivia shambani, na ada ya Oscar inatoka humo."

"Nimesikia."

Ijumaa iliyofuata Nathanaeli alitoka akakuta gari limeinama kulia. Upepo wa upande wa watu ulikuwa umeisha wenyewe, kidogo kidogo, bila kumwambia mtu. Wa kushoto ulikuwa bado umesimama. Akaweka mkono juu ya bati. Kisha akamwita Mama Oscar alete ndizi.

Zikapakiwa kulia, zote. Akafunga pampu, akapiga.

"Lete ngumi yako," akamwambia. "Yangu kubwa."

Mama Oscar akaingiza ngumi. "Inagusa."

Akapiga tena. "Sasa?"

"Imepita."

Lakini kushoto hakukuwa na kitu, na mpira ule wenye upepo wa zamani ulilisukuma gari likalalia mzigo.

"Tuhamishie mikungu miwili huku," Mama Oscar akasema.

"Hapana. Huko si kwa watu."

Akatafuta msumari. Ulikuwa palepale, umechomekwa kwenye nguzo ya banda. Akainama, akabonyeza valvu ya kushoto. Upepo ukatoka kwa mluzi, ukaendelea, ukapungua, ukanyamaza. Mama Oscar aliangalia pembeni. Gari likajiweka sawa. Nathanaeli akafunga pampu upande huo, akaongeza kidogo, ule wa kutosha tu mpira usikatike.

Akapanda, akawasha gari. Siku ile Moshono, alipouliza itakuwaje upepo ukiisha, Elifuraha alimjibu hivi: "Upepo si tunao wa bure, Baba Anna? Ukiisha tunapuliza mwingine."