Lenzi Isiyovuta

Numbi, mume wangu, alipokufa, ndugu zake walikuja kugawana vitu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kitanda, televisheni na mashine yangu ya kushonea vilipanda mkokoteni. Ikabaki kamera aliyopigia picha za harusi hapa Likasi. Waliigombania mezani kwangu mpaka Mathieu, mdogo wake, akaing'oa lenzi na kuitia mfukoni.

"Shemeji, hatukuache mikono mitupu," akasema. "Weye uko na kamera, minye niko na lenzi. Tumegawana sawa."

Wazee wa ukoo wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wamepasua kitu kimoja kama mkate, na wakaita hiyo haki.

Shule sikusoma, lakini miaka yote ya ndoa nilimshikia Numbi taa, na mara nyingi alinipa kamera nimalizie. Mashine ikiwa imechukuliwa, sikuwa na ufundi mwingine wa kunilisha. Nikauza makala, makaa ya kupikia, kando ya barabara ya Kakontwe hadi nikaweza kwenda kwa Séraphin, muuza vitu vilivyotumika, kutafuta lenzi ya bei ya mtu kama mimi.

Mezani kwake niliikuta lenzi ndefu ya Numbi. Niliijua kwa mpira wake wa kushikia, ulioungua siku ilipoegemea mbabula, jiko letu la makaa. Mathieu alikuwa ameiuza.

"Kamata ile murefu, mama," Séraphin akasema. "Hapa watu wanaangalia urefu. Ukikuja na kafupi, watasema iko ya kuchezea mutoto."

Niliichungulia. Ndani ya kioo ukungu ulikuwa umetambaa. Ilikuwa imewekwa penye unyevu. Kando yake kulikuwa na moja fupi, ya plastiki, isiyovuta kitu cha mbali, na bei yake ilikuwa ndogo. Nilizijaribu zote mbili kwenye kona ya duka isiyofika mwanga. Ile ndefu ilinipa giza kama masizi. Ile fupi ilinionyesha redio mbovu hadi vitufe vyake. Harusi zetu na vilio vyetu huwa kwenye vyumba vya taa moja, tena umeme ukipenda.

"Hiyo haivute muntu," Séraphin akanionya. "Ni weye utaenda kwa muntu."

"Nitaenda. Miguu hawakuigawana."

Akacheka. Mimi niligusa pale palipoungua, nikaiacha lenzi ya mume wangu mezani.

Watu walinitania kwamba kamera yangu imekatwa pua, lakini wakaniita. Kisha mama mkwe akafa, na hao hao ndugu wakanituma mtu: njoo upige picha za kilio. Nilikuwa nimeapa kutokanyaga pale. Lakini anayechagua vilio hulala njaa.

Ningekuwa na lenzi ndefu, ningesimama getini na kuwavuta kutoka mbali. Hii fupi iliniingiza ndani, ikanipitisha mbele ya televisheni yangu, hadi kwa Mathieu aliyeketi chini ya dirisha.

Akanyoosha kola. "Unaona, shemeji? Tulikuachia kazi."

Nikasogea hadi uso wake ukajaa kwenye kioo, nikamwambia asitikisike.

Picha ilitoka safi, kila kishimo cha ngozi kinaonekana, na ameitundika ukutani. Nyuma ya bega lake kuna kitu cheusi kilichofifia. Wageni hawakitambui. Ni mashine yangu ya kushonea.