Siku Mama Alipozipa Plagini Zangu Majina

Mama alifika studio kwangu, hapa Suna, asubuhi ya Alhamisi akitoka Homa Bay, amejipanga kama mtu anayekwenda kusomewa matokeo ya mtihani. Hakutaka chai. Hata kukaa hakutaka. Alitaka kusikia wimbo wake, kisha aamue kama ataimba tena kanisani au ndiyo basi.

Maneno yenyewe yalikuwa hivi. Mama ndiye aliyeongoza kwaya yao tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Halafu meno ya mbele yakamtoka, akawekewa ya bandia, na tangu siku hiyo kila akifika kwenye "s" kinatoka kifilimbi. Akaacha kuimba. Nafasi yake ikachukuliwa na jirani mmoja ambaye Mama humwita "yule" na haongezi neno. Sasa ibada ya shukrani ilikuwa Jumapili, mwalimu wa kwaya alitaka jibu, na wimbo uliopangwa ni ule Mama aliotunga mwenyewe, ambao kila mstari unaishia kwa jina la Yesu. Utambadilishaje Yesu jina?

Nilikuwa nimemrekodi nyumbani kwake siku kadhaa nyuma, akakataa kabisa kujisikia. "Kitoe kwanza hicho kitu," aliniambia. "Ukishakitoa nitasikiliza. Nikikisikia hata kidogo tu, nampa yule wimbo na yaishe." Basi nikakitoa. Yaani nilikifunika kwa plagini. Hivi ni vijiprogramu ambavyo sisi watu wa studio tunavichomeka ndani ya programu ya kurekodia: kimoja kinaongeza mwangwi, kingine kinashusha kelele, kingine kinanyoosha sauti iliyopinda. Ninazo nyingi kupita kiasi, kwa sababu mimi nikiona plagini ya bure nashikwa na wazimu. Zimejaa bila mpangilio wowote, na zote zina majina ya waliozitengeneza huko kwao, herufi na tarakimu tupu.

Asubuhi hiyo wimbo ulikuwa umebakiza kutiwa mwangwi mdogo tu, na mwangwi nilioutaka sikuuona. Nikashuka chini kwenye orodha, nikapanda juu, nikafungua huu, nikafunga. Mama alisimama nyuma yangu akipumua kwa kishindo. Huyu ni mwanamke aliyeuza samaki sokoni maisha yake yote, na mezani kwake samaki wa mbuta hakuwahi kulala karibu na dagaa wa omena hata siku moja.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu. "Unatafuta kitu usichokijua jina?"

"Jina nalijua, Mama. Sijui kiko wapi."

"Hilo si jina. Hiyo ni namba ya gari. Kinafanya kazi gani?"

Nikamwekea gitaa la muziki wa benga nililokuwa nimerekodi, nikachomeka plagini ya kwanza iliyokuja mkononi, kompresa, ile inayomshika anayepiga kelele na kumwinua anayenong'ona. Mama akasikiliza ameinamisha kichwa. Kisha, Mungu wangu, akainua mkono kusimamisha muziki.

Mjaluo yeyote anajua maana ya mkono ule. Ni pakruok, ile desturi yetu ya mtu kusimamisha wanamuziki katikati ya wimbo ili amwage majina ya sifa, yake au ya rafiki yake, kisha muziki uendelee. Sikuwahi kuona mtu akiifanyia kompyuta.

"Huyu," Mama akatangaza, mkono kiunoni, "ni Mkwe Mpole, anayewatuliza walevi matangani bila kuinua sauti! Endelea!"

Nikaendelea! Ningefanya nini? Nilicheka mpaka kiti kikarudi nyuma. Plagini inayorudiarudia sauti ikawa Shangazi Asiyesikia Mara Moja. Ile ya kunyoosha sauti ikawa Fundi wa Waimbaji Waongo. Mwangwi mkubwa ukawa Kanisa Siku ya Harusi, na mwangwi mdogo, uleule niliokuwa nikiutafuta, ukawa Jikoni kwa Dada. Tulipofika kwenye plagini inayokwaruza gitaa, fundi wa nguo wa chumba cha pili, mama mmoja Mkuria, akaingia na futi shingoni kuuliza ni sherehe gani hii ya mchana.

"Tunawapa hawa watu majina," Mama akamwambia, kama vile ni jambo la kawaida.

Fundi akasikiliza mkwaruzo. "Hiyo ni ng'ombe ya kwetu Kegonga," akasema bila kusita. "Imeona mahindi ya jirani."

Tukapiga kelele sote watatu. Hata ile plagini iliyofunika kifilimbi ilipata jina. Nilimweleza Mama kwamba yenyewe hungoja "s" itokeze kichwa halafu inaibonyeza chini. Akaiita Jicho la Mke wa Mchungaji, kwa vile linanyamazisha watoto kutoka benchi ya mbele. Nikaziweka katika makundi kama meza za sokoni: watulizaji huku, wenye mwangwi kule, wakorofi peke yao. Nilijisikia mwepesi kama niliyekunywa kitu.

Na wepesi huo ndio ulioniponza. Jina la sifa hupaswa kuandikwa pembeni, kwenye orodha ya vipendwa, na faili yenyewe haiguswi. Mimi, kwa furaha na kwa kuwa pakruok inataka jina lipokewe papo hapo, niliingia ndani kabisa kwenye folda ya faili na kubadilisha huko huko. Kompyuta haina habari na pakruok. Nilipofungua wimbo wa Mama, programu ilikwenda kuwatafuta watu wake kwa majina ya zamani, ikakuta hakuna anayeitika, ikaufungua wimbo bila plagini hata moja. Onyo lilitokea, nami nikalifunga bila kulisoma, kwa sababu Mama alikuwa amekaa hatimaye, mikono mapajani, akisema, "Weka."

Nikaweka.

Sauti yake ikatoka uchi, kavu, karibu kabisa. Mstari wa kwanza ukafika kwa Yesu, na kifilimbi kikatoka.

Nikarukia kitufe cha kuzima. Fundi akaangalia viatu vyake. Nilimpenda mama yangu wakati ule hadi nikaogopa kugeuka kumtazama.

"Ni hicho?" Mama akauliza.

"Pole, Mama. Nimekosea majina, ngoja nita—"

"Nimekuuliza. Hicho ndicho watu wanasikia?"

"Ndicho."

"Rudia."

Nikarudia. Akasogeza kiti mpaka sikio likakaribia kugusa spika. Yesu akaja, kifilimbi kikaja. Akaniambia nirudie tena.

"Mbona kadogo hivi?" akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Muda wote huo alikuwa akikisikia kutokea ndani, kwenye mifupa ya kichwa chake, ambako kilikuwa kikubwa kama king'ora. Nje, sisi tulisikia kitu chembamba, kama mtu anapuliza chai.

"Na mlikuwa mnaniangalia tu!" akanigeukia, amekasirika kwelikweli.

"Tulikuambia ni kidogo, Mama. Ulisema tunakuhurumia."

"Mlikuwa mnanihurumia!"

"Tulikuwa tunakuhurumia, lakini pia ni kidogo."

Fundi alishindwa kujizuia, akacheka kwa sauti, na Mama akamfuata, akacheka hadi ikabidi ayashike meno kwa vidole. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia. Kisha akatoa simu mkobani na kumpigia mwalimu wa kwaya, akiwa amesimama wima katikati ya studio.

"Mwalimu, Jumapili naimba mimi," akasema. "Mwambie yule anipishe." Akasikiliza upande wa pili. "Aa, hapana, kifilimbi hakijaondoka. Nakuja nacho."